Ziara Iliyofuata Ufagio

Usiku ule mama mfagiaji wa ngome kongwe hakupata hata lepe la usingizi. Simu aliilaza kifuani kama kichanga. Bintiye alikuwa amefanya mtihani wa kuongoza watalii pale ngomeni, na bosi aliahidi kutuma ujumbe jioni. Jioni ikapita, simu kimya.

"Utaichosha bure hiyo simu," mumewe, fundi viatu, alimwambia gizani. "Lala, mama."

"Nitalalaje, baba watoto, na kosa ni langu?"

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Binti aliijua ngome kwa kumfuata mamake akifagia tangu utotoni. Na mfagiaji huanzia juu, mnarani kwenye kinyesi cha njiwa, akashuka ngazi, akapita vyumba vya wafungwa, akatokea uani penye mizinga, na lango likawa la mwisho, maana vumbi huteremka. Hata walipofanya mazoezi nyumbani walifuata njia hiyo hiyo. Kitanda kilikuwa mnara, jiko likawa gereza, na baba akajifanya mtalii mkorofi: "Dada, choo cha mfalme kiko wapi?" Walicheka hadi wakashika mbavu, na hakuna aliyeshtuka.

Siku ya mtihani binti aliwapitisha wasimamizi langoni bila neno, akawapandisha mnarani moja kwa moja. Mmoja wao, bwana mnene, alifika juu akihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Historia ikatoka kinyumenyume: wafungwa wakaachiwa kabla ya kukamatwa, mizinga ikalia kabla adui hajaonekana, na ngome ikajengwa mwisho kabisa, watu wakiwa wanaaga.

Asubuhi mama na binti walikwenda pamoja. Bosi alimwita binti ofisini, walimokuwa wasimamizi wenzake, akafunga mlango. Mama akabaki nje, anafagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Dada, hilo jiwe utalitoboa," mlinzi akamtania.

"Niache, kaka. Nangoja majibu ya mtihani."

"Kwani mtihani umefanya wewe?"

"Heri ningefanya mimi. Kufeli nimeshazoea."

Ndani kikapasuka kicheko cha wanaume. Mama akakaza ufagio. Wanamcheka mwanangu! Alitaka kuwaambia kwamba mtoto hana hatia, kwamba yeye ndiye aliyemzoesha ngome kichwa chini miguu juu. Alijifuta jasho kwa ncha ya khanga, akapiga moyo konde, akainua mkono kubisha hodi.

Mlango ukafunguka kabla hajaugusa.

"Ah, mama! Nisamehe, jana vocha iliniishia nikiwa njiani," bosi alisema. "Sasa, kwenye kufagia tafuta msaidizi mwingine. Huyu tumemchukua."

"Mmemchukua? Na kule kuanzia juu?"

"Ataanzia langoni kama wenzake, mwenzangu magoti bado yanamuuma. Lakini wale wengine waliofanya mtihani walitusinzisha. Huyu tulimfuata mpaka mwisho, tunataka kujua hii ngome itajengwa lini!"

Nyuma yake binti alikuwa akihangaika na shati jipya la waongoza watalii, vifungo vimepishana, upande mmoja juu, mwingine chini. Mama aliegemeza ufagio ukutani, akampita bosi bila hata kusema samahani, akaingia kumfunga vifungo upya.