Kiti cha Kamanda

Dobi wa hoteli na mumewe, mlinzi wa ghala ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda, walikuwa na kitanda kimoja wasichokilalia pamoja. Alfajiri mke akitoka kwenda kufua mashuka ya wageni waliolala wawili wawili, mume ndiyo kwanza anarudi. Walipishana mlangoni kama wapangaji: "Umeamkaje?" "Salama, chai ipo kwenye chupa." Basi. Hata siku zao za mapumziko ziligoma kukutana.

Ndiyo maana Dobi alilishikilia darasa la wanandoa la Jumamosi kwa kufa na kupona. Mwalimu wa darasa hilo, binti mpole, alijua watu wa kipato kidogo hawachelewi kukata tamaa, na mkono mtupu haulambwi. Akawawekea chai, nauli na mtu wa kuwaangalia watoto. Alichoshindwa kuwapa ni usingizi. Kwa hiyo Dobi alikuja peke yake, na kwenye kiti cha mumewe akaweka mkoba.

"Shoga, shemeji leo kanenepa," wenzake walimtania wakiutazama mkoba. Alicheka nao, moyo ukimuuma.

Darasa lilipoisha, mwalimu akamwita pembeni.

"Dada, darasa ni la watu wawili, na wapo wanaosubiri nafasi. Jumamosi ijayo njoo naye, la sivyo itabidi niwape wengine."

Kesho yake alimzuia Kamanda mlangoni, akamweleza.

"Nikafundishwe kuoa?" Kamanda aliguna. "Si nilishaoa?"

"Ulioa, baba watoto. Lakini uliyemuoa ana hamu na wewe. Tunaishi nyumba moja na nakukosa."

Jumamosi Kamanda alitokea, akiwa na sare na rungu lake, macho mekundu kwa kukesha. Mkoba ukashushwa chini, watu wakapiga makofi.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa kusikilizana: mmoja aseme, mwenzake asimkatize. Kamanda ndiye aanze. Alifungua kinywa, akapiga mwayo mrefu, na kabla neno halijatoka kichwa kikamwangukia mkewe begani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu akasogea amwamshe.

"Mwache, mwalimu," Dobi alisema, machozi yakimlengalenga. "Anakoroma. Nilikuwa nimeshaisahau sauti hii. Niache nimsikilize."