Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Bei iliyoandikwa kwenye ubao wetu pale Burumba haijawahi kumtajirisha mtu. Nimefanya kazi kwenye ile yadi ya magari ya kukodisha miaka kumi na miwili, na mpaka leo nikimwona mteja anapiga bei mpaka jasho linamtoka, namhurumia. Tajiri wetu, mwenye yadi, hapunguzi kwa shingo upande. Mteja akisema elfu sita badala ya saba, yeye anacheka na kusema haya, kwa sababu ni wewe. Mteja anatoka ofisini akijiona mjanja. Mimi nabaki na fomu na kalamu, nimechoka kabla jua halijapanda, kwa maana najua pesa zetu ziko wapi.

Ziko kwenye dipoziti, ile dhamana anayoiacha mteja mpaka gari lirudi. Nusu ya magari yale si ya tajiri. Ni ya walimu na manesi waliochukua mkopo wa sacco, wakanunua gari, wakaliacha kwetu lizae. Pesa ya siku inagawanywa nao, na kila mwisho wa mwezi wanapiga simu kuuliza mbona ni kidogo hivi. Lakini makato ya dipoziti hayagawanywi na mtu. Hayo ni ya tajiri, na kidogo hunidondokea mimi.

Ukirudisha gari baada ya saa kumi na mbili jioni, unalipa siku ya pili nzima. Mshale wa mafuta ukiwa chini kidogo ya ulipokuwa, unakatwa. Matope, unakatwa. Anayevuka Malaba kwenda Uganda tunamuuzia barua ya ruhusa, halafu anakwama nyuma ya foleni ya malori, na saa zetu zinaendelea kumhesabia. Hayo yote yameandikwa kwenye fomu, kwa herufi ndogo. Mkwaruzo ndio haukuwa umeandikwa.

Tulikuwa na gari jeupe la viti saba. Mlango wake wa nyuma wa kushoto ulikwaruzwa na bodaboda miaka mingi iliyopita, alama ndefu kama mkono wa mtu mzima. Haikupakwa rangi hata siku moja. Asubuhi gari lile liliegeshwa upande wa kushoto ukiwa umegusana na ukuta. Nilimzungusha mteja mbele, kulia na nyuma, nikimwonyesha kila kitone kwa uaminifu mkubwa, akaweka sahihi na mimi nikaweka yangu. Likirudi, tuliliegesha likiwa limegeuzwa. Waliolipia ule mlango siwezi kuwahesabu. Mwaka wa kwanza niliona aibu, nikawa silali vizuri. Halafu karo ikaja, na nyingine ikaja, na ile aibu ikachoka kama mimi.

Wateja wetu wazuri kuliko wote walikuwa wale wa mahari. Kwetu huku huwezi kupeleka wazee ukweni wakiwa wamepakiwa kwenye bodaboda, utachekwa mpaka wajukuu wasikie. Kwa hivyo ukoo unachanga, gari linakodiwa kwa siku moja. Na ukweni hakuna mtu anayeangalia saa. Unakaribishwa unapokaribishwa, unalishwa unapolishwa, na kuondoka kabla ya chakula ni tusi. Tajiri alijua hivyo. Akiona vijana wamevaa suti za kuazima, alikuwa akiniminyia jicho. Siku moja hiyo ilikuwa siku mbili tayari.

Basi ikafika zamu ya binti yangu mkubwa. Mchumba wake alikuwa kijana wa Budalang'i, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa adabu, ambaye kwao maji ya mto yamewahi kuingia ndani ya nyumba hadi wakahamia shuleni. Siku ya mazungumzo ilipangwa Jumamosi, nyumbani kwangu Amukura. Kwa desturi baba wa binti hasemi kitu. Anakaa kando kama mgeni, na kaka yake ndiye anayezungumza. Kaka yangu mkubwa anaipenda kazi hiyo kuliko kulima.

Ijumaa jioni alikuja yadini kijana mmoja kuchukua lile gari jeupe, siku yake moja ikihesabiwa kesho yake. Nilimuuliza anakoenda, kama fomu inavyotaka.

"Budalang'i, mzee. Naenda kuchukua wazee."

Ningemuuliza wazee hao anawapeleka wapi. Sikumuuliza. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye viti vya kuazima na mchele. Nikamzungusha mbele, kulia na nyuma. Akalipa dipoziti ya elfu ishirini, akaweka sahihi, akanishukuru.

Kesho yake, saa saba mchana, gari liliingia kwangu. Dereva sikumtambua kwanza. Nilitambua mkwaruzo. Ulipita mbele ya macho yangu, mbele ya mke wangu na majirani wote, ukasimama kando ya ghala. Kijana akashuka, akaniona, akabaki ameshika mlango. Alikuwa binamu wa bwana harusi. Alinisalimia kwa mikono miwili na hakutaja yadi hata kidogo.

Mchana ule nilichoka kuliko ambavyo jembe limewahi kunichosha. Saa tisa kaka yangu bado alikuwa akiwauliza wageni kama wamepotea njia, na kama ni kuku wamekuja kununua, kwani hapa kuku hatuuzi. Watu wanacheka, mimi naangalia kivuli cha ghala kinavyorefuka. Saa kumi nilizunguka jikoni, nikamwambia mke wangu apakue.

"Una nini wewe leo?" akasema. "Wakwe waseme tuliwafukuza na njaa?"

Chakula kilitoka saa kumi na moja na nusu. Yule dereva alikula macho kwenye sahani, hakuinua mkono kuangalia saa yake hata mara moja. Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, wote wakiwa tayari isipokuwa mtamba mmoja, ambaye wangemleta baada ya wiki tatu. Mjomba wa bwana harusi alisimama akasema pesa ya huyo mtamba ipo, imewekwa mahali tu, inarudi. Kaka yangu akapiga makofi. Wakaondoka saa moja.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa yadini. Tajiri naye alikuwepo. Kijana aliingia na gari likiwa na matope ya Budalang'i hadi madirishani, na tajiri mwenyewe akamwelekeza namna ya kuliegesha.

"Boss, na hii ni nini?" akasema, kidole kikiwa kwenye mlango wa kushoto. "Kwa form hakuna hii."

Wateja wengine huwa wanapiga kelele, wanaita polisi, wanaita mashemeji. Yule kijana aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Ningesema maneno matano tu: huu mkwaruzo ni wa zamani. Tajiri alikuwa amesimama pale, na wadogo zake binti yangu wawili bado wako shule. Nikatazama fomu.

"Sawa, mzee," akasema kijana. Hakumwambia tajiri, aliniambia mimi. Tangu jana nilikuwa mkwe wake, na mtu habishani na mkwe kuhusu pesa. Angekuwa mgeni tu, angenitukana, na ningelala salama. Siku ya pili, mafuta, matope, mlango. Nikamrudishia elfu mbili na mia tano, akazipokea kwa mikono miwili.

Wiki tatu zikapita, mtamba hakuja. Wakatuma ujumbe wakiomba muda mpaka wavune. Kaka yangu akawaka. Alisema wale ni watu wa maneno matupu, kwamba wamemdanganya mbele ya kijiji kizima, na kwamba ng'ombe wao waliokwisha kuletwa warudishwe na binti asiende. Akaita kikao cha ukoo. Binti yangu alikonda, akawa anaizunguka nyumba tu.

Siku moja kabla ya kikao nilimkuta anasuuza vyombo. Alisema bila kugeuka, "Baba, ile pesa ya ng'ombe ndiyo ilikuwa dipoziti ya gari. Ningekuwa nimenyamaza tu, lakini kesho watanikataza."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili. Waliniambia nisiseme. Walisema ni wewe."

"Na baba yako mkubwa, mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia aje, baba?" akasema, akaendelea kusuuza sahani ambayo ilikuwa safi zamani.

Watu niliowakata pesa walikuwa wamekubali kuitwa waongo ili mimi nisiaibike, na mtoto wangu alikuwa tayari kumpoteza mwanamume wake kwa sababu hiyohiyo. Nililia nikiwa nimejificha nyuma ya ghala. Kesho yake asubuhi nilipitia yadini, nikafungua faili, nikatoa nakala ya pinki ya fomu ya yule kijana, yenye makato yake, nikaikunja mfukoni.

Kikao kilijaa. Kaka yangu aliongea muda mrefu, na mwishowe akauliza, akiinua mikono, "Sasa mniambie, huyo mtamba yuko wapi?"

Baba wa binti hasemi. Nikasimama, watu wakaguna. Nikaweka ile karatasi mezani mbele yake.

"Yuko hapo," nikasema. "Na huo mlango umekuwa hivyo miaka mingi."

Kaka yangu alivaa miwani yake, akasoma polepole, mstari kwa mstari: siku ya pili, mafuta, matope, mlango. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, hajui aingie au arudi. Kaka yangu akafika chini kabisa ya karatasi, akaweka kidole pale.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.