Visima Vikavu Tulivyoambiwa Tuvisahau

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa tambara la kufutia vumbi. Nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio, cheti changu cha ukarani kwenye bahasha, na Mkuu wa Masjala wala hakukiangalia. Masjala ni chumba cha majalada. Taasisi yetu ilikuwa ya kuchimba visima virefu, na kila kisima tulichochimba kilikuwa na jalada lake pale ofisini kwetu Makole.

"Binti, hapa jalada halitupwi," aliniambia. "Hata la kisima kilichokosa maji. Hasa hilo."

Nilimwelewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimekalia kiti chake. Taasisi ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na Mkurugenzi, mtu wa suti na maneno matamu, akaniagiza niandike historia yetu, niisome mbele ya wageni. Nilifurahi mno. Nilisoma madokezo, yaani yale maelezo mafupi ambayo maofisa huandikiana ndani ya jalada, halafu nikafunga safari hadi kijiji cha kisima chetu cha kwanza, njia ya Buigiri, kuwauliza waliokuwepo. Karatasi peke yake haitoshi, wanangu. Huandikwa na mwenye kalamu.

Huko nikampata Bibi Mbeleje. Alicheka sana nilipomsomea jalada linavyosema kwamba mhandisi wetu "alibaini eneo la maji".

"Alibaini nini? Alitoboa kule kilimani mara mbili, vumbi tupu! Nikamwambia, baba, sisi kiangazi tunafukua mchanga pale korongoni, maji yanatoka. Hakutaka kunisikiliza. Siku ya tatu akaja mwenyewe, mpole kabisa, 'Mama, nionyeshe.'"

Nilirudi masjala nikapekua upya. Majalada mawili ya visima vikavu yalikuwepo, ya kilima kile kile. Nikaandika yote.

Mkurugenzi aliisoma rasimu akiwa amesimama. "Mama, hii ni sherehe, siyo msiba. Ondoa hivyo vikavu. Na huyo bibi, andika tu 'wananchi walitoa ushirikiano'."

"Bibi ana jina, Mkurugenzi."

"Ondoa."

Sikuondoa. Siku ya jubilei nilipewa kipaza sauti na hotuba iliyochapwa ofisini kwake. Niliikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikasimulia habari za Bibi Mbeleje, naye ameketi safu ya mbele kwa sababu nilimleta mwenyewe. Kina mama wa kijijini kwake wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata nikahamishiwa stoo ya mabomba. Kwenye ukuta wa mapokezi ikabandikwa historia yao, na majalada ya visima vikavu yakachomwa pamoja na karatasi chakavu.

Nikiwa huko stoo, siku moja ikaletwa hati ya kuombea mabomba. Nikaona jina la kilima kile. Nilipanda ngazi mbio, na magoti yangu haya, nikamkuta Mkurugenzi na mhandisi mmoja kijana wakiangalia ramani.

"Pale pakavu," nikasema. "Tulishachimba mara mbili."

"Imeandikwa wapi?" kijana akauliza, kwa adabu kabisa.

Majalada yalishachomwa, na rasimu yangu haikuwa na muhuri wa ofisi. Nikamtazama Mkurugenzi. Yeye akatazama ramani. "Mama, wewe ni wa stoo."

Wakachimba. Vumbi tupu. Kiangazi chote wanawake wa kitongoji cha pale kilimani walirudi kufukua mchanga korongoni, na mimi nililia kwa hasira, sikujificha.

Nilistaafu bila sherehe, na sikuitaka. Bibi Mbeleje ameshatangulia. Wapo wanaoniambia ningenyamaza ningemaliza kazi nikiwa na cheo kizuri. Kweli. Ningefanya vile vile tena, na safari hii ningeongea kwa sauti zaidi.

Mwezi uliopita mhandisi mmoja binti alibisha hodi hapa kwangu Miyuji.

"Shikamoo, mama. Nimepangiwa kuchimba njia ya Buigiri. Nimeambiwa nikuone kwanza."

"Marahaba. Mkurugenzi wenu anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi karibu ndani."

Nikatoa rasimu yangu sandukuni, ile ile iliyokataliwa, nikaiweka mezani.

"Kalamu unayo?"

Alikuwa nayo.

"Haya. Kabla ya kilima, kabla ya korongo, andika jina: Mbeleje."