Ipi Ishuke Kwanza?

Mpwa wangu ni mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya chuo kikuu. Akili amerithi ujombani, msinibishie. Mimi shule niliiacha njiani, lakini penseli yake ya kwanza nilimnunulia mimi, kwa hiyo nusu ya cheo ni changu.

Alianza kama mwalimu wa kuchora. Chuo kikamwajiri awe mhifadhi, yaani mlezi wa picha, kikampa stoo chini ya ngazi: picha zimelala na viti vibovu, zimeota ukungu. Akazisafisha moja moja kwa brashi laini, mama yake akilalama, "Wenzako wanafuta watoto makamasi, wewe unafuta picha ukungu!" Mwishowe akapewa ukumbi, na ukurugenzi juu yake.

Kuta hazikutosha. Picha moja ikipanda kutoka stoo, nyingine lazima ishuke. Na hachagui peke yake: huuliza yeyote aliyemo ukumbini, awe profesa awe mfagiaji, "Ipi ishuke, na kwa nini?" Hapo watu hutoana jasho.

Mwaka jana mkuu wa chuo akatangaza kwamba ukumbi utawekwa kompyuta, picha zirudi chini ya ngazi. Mpwa wangu akaja kwangu macho mekundu.

"Mjomba, safari hii ukungu utazimaliza."

"Usilie, mimi nipo."

Na kweli nilikwenda, nimevaa koti langu la harusi za watu.

Mkuu alikuja na dereva wake kupima ukumbi. Mpwa wangu hakubembeleza. "Sawa, mzee. Ipi ishuke kwanza?"

Mkuu akanyoosha kidole kwa picha ya mwanamke anayeanua nguo, mvua ndiyo inaanza.

"Hiyo hapana, bosi!" dereva akaropoka. "Tazama, kaacha mashuka yalowe, kakimbilia sare ya mtoto. Shusha huyo mwenye kipara."

"Huyo? Huyo ni marehemu baba yangu kabisa!" mkuu akang'aka.

"Hata mimi nafanana naye," nikadakia, nikivua kofia.

"Wewe nani?"

"Mjomba wa mkurugenzi."

Wakazunguka kuta zote wakibishana, tepu ya kupimia imesahauliwa mfukoni mwa dereva. Mlangoni mkuu akasema, kama anamkemea mtu, "Kompyuta zitafutiwe pengine."

Mpwa wangu akajibwaga sakafuni, anacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akanitazama.

"Haya Mjomba, stoo kuna picha inangoja zamu. Ipi ishuke?"

"Yoyote, mwanangu. Ila kipara changu usikiguse."