Iko Inatembea, ao Iko Inangoja?

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, maji yakiwa yameanza kuila barabara ya Kiringye. Nilikuwa kijana kwenye depo ya dawa hapa Uvira. Tulikuwa na kompyuta moja kubwa, kongwe, na lori halikutoka bila hati iliyochapwa nayo. Siku hiyo lilibeba dawa ya kuzuia damu kwa wanaojifungua, ya kwenda Kiringye.

Programu ya hati aliiandika mwenzangu Bahati. Kila alipoiendesha mbele ya skrini, ilimuuliza kama iendelee, naye alikubali. Lakini siku hiyo aliituma nyuma, kwa batch kama tunavyosema, ambako mashine hufanya kazi yenyewe, bila mtu wala skrini. Kisha akaenda kunywa chai. Programu ikauliza swali lake kama kawaida. Nani wa kulijibu?

Muuguzi wa Kiringye akapiga simu: dawa imekwisha, na mama mmoja ameshikwa na uchungu. Bahati akatazama orodha ya kazi, akaiona yake, akamwambia iko. Dereva naye akaambiwa iko. Unalijua neno letu hilo lilivyo pana. Ukilala uko, ukikimbia uko.

Aliyeinama kusoma vizuri ni Mzee Lubala, mkuu wetu, mtu asiyependa maneno mengi.

“Weye unasema iko,” alimwambia Bahati. “Iko inatembea, ao iko inangoja muntu?”

Ilikuwa inangoja. Swali likajibiwa, hati ikatoka, lori likaondoka, likakuta maji yamekwisha kukata njia Nyakabere. Huko Kiringye muuguzi alikuwa akimwambia yule mama kwamba dawa iko.

Mtoto yuko, sasa ni kijana. Mama yake hayuko. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mzee hakufoka. Alimketisha Bahati, akamwandikisha mwanzoni mwa programu: kwanza iulize mashine kama inaendeshwa mbele ya mtu au nyuma. Ikiwa nyuma, isiulize kitu. Ifuate agizo ililopewa, au imwite mtu wa zamu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi, mwanangu, kabla hujauliza, hakikisha kuna wa kukujibu. Na ukiulizwa habari ya kazi, usiseme iko mpaka umejua kama inatembea. Mungu akulinde, na siku utakapoita, akupe mtu aliye karibu wa kuitika.