Nyumba ya Mama Zake Adelina

Enzi zetu, Kiingereza kilitufikia cha tatu, baada ya Kihaya cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, na kikifika sisi tumeshachoka. Tulisoma si mbali na Kaagya, katika shule ya bati iliyozungukwa na mibuni. Mvua ikinyesha hatumsikii mwalimu, tunabaki kutazama midomo yake. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndiyo usiseme. Nusu ya darasa ilikuja na mifuko imetuna, na harufu yao ikishindana na chaki.

Mwalimu wetu wa Kiingereza darasa la sita alikuwa Mwalimu Rwegasira, mtu wa Muleba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Ndiye aliyetufundisha ile alama ndogo ya juu ambayo wenye Kiswahili chao huiita ritifaa. Sisi tuliiita kikia. "Mwenye mali akiwa mmoja," alisema, "kikia kinakaa kabla ya s. Wakiwa wengi, kinakaa baada ya s." Tuliimba hivyo tukirudi nyumbani, tukaimba tukichota maji, mpaka bibi yangu akauliza ni mnyama gani huyo mwenye mkia unaohamahama.

Nilikaa dawati moja na Adelina. Alikuwa msichana mkimya, sare yake imefuliwa hadi imepoteza rangi, lakini daima imenyooshwa. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni aandike sentensi juu ya nyumba yao. Akaandika kwa mwandiko wake wa duara: This is my mothers' house.

Mwalimu akachukua chaki nyekundu, akakihamisha kikia kabla ya s. "Umekosea. Una mama wangapi?"

"Watatu, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akadhani anafanyiwa mzaha. Akamwambia akapige magoti nje, na kesho yake asiingie darasani bila mama yake.

Tulirudi pamoja siku ile. Adelina hakulia, ila alitembea haraka kuliko kawaida. Tulipofika njia panda akaniambia harudi tena shule. Kuna mtu Miembeni, mjini, anatafuta msichana wa kazi, ataondoka na lori la ndizi. Nilimsihi, akashika njia ya kwao. Njia nzima iliyobaki nikaona rafiki yangu ameshaondoka.

Asubuhi tulikuwa tumeshaanza somo wakati mlango ulipotiwa giza. Adelina alikuwa amesimama pale, na nyuma yake wanawake watatu waliojifunga vitenge vyao vya kwenda kanisani. Walipiga magoti wakamsalimu mwalimu kwa heshima zote, kisha mkubwa wao, Ma Anatolia, akaanza kwa neno letu la heshima, "Waitu mwalimu, ulimwambia mtoto aje na mama. Tumekuja."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. "Aliyemzaa ni yupi?"

"Aliyemzaa alikuwa mdogo wetu. Alifariki mtoto huyu hajaota meno, tukamzika." Ma Anatolia akamwonyesha aliyekuwa kulia kwake. "Huyu alimnyonyesha pamoja na wa kwake. Mimi nimemlea mgongoni. Na huyu mwingine ndiye anayelima kibanja chetu cha migomba mtoto apate sare. Tunakaa nyumba moja, tuliijenga wenyewe. Kama anatakiwa mmoja, utuambie, waitu, hawa wawili waende wapi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Rwegasira akaenda ubaoni, akaiandika upya ile sentensi, na kikia akakiweka baada ya s. Akatugeukia. "Adelina alikuwa sahihi. Ni mimi niliyeuliza nisisikilize jibu."

Ma Anatolia, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akaomba asomewe. Mwalimu akamwambia: Hii ni nyumba ya mama zangu.

"Na kale kadoa ka juu?"

"Kale ndiko kanakosema mko wengi, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mpaka wa shamba lake akauona uko mahali pake. Adelina akaja akakaa kando yangu, na lori la ndizi likaenda bila yeye. Leo ni mkunga huko Muleba. Mama zake wawili ameshawazika, wa tatu anaishi naye.

Mimi nimejenga Kibeta, mjini. Wajukuu zangu Kiingereza wanacho tangu chekechea, na vikia wanawekewa na simu. Wenyewe wakiandika, hata irabu zinawashinda, neno zima linabaki konsonanti mbili, na nikiuliza naambiwa bibi umepitwa na wakati. Siwalaumu. Ni watoto wazuri, wanalala mapema na wanakula wakashiba.

Lakini sisi mtu yeyote mwenye kitenge aliweza kukuita, kukulisha, kukuchapa na kukupeleka nyumbani. Juzi chumvi iliniishia sufuria ikiwa jikoni. Nikamtuma mjukuu wangu wa kike aende kwa jirani, ng'ambo ya ukuta wetu. Akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Bibi, nikifika nimwite nani?"

Nikafungua mdomo nimtajie jina, nikakuta silijui.