Anyango na Mpiga Video Wake

Mimi Naliaka sipendi mtu anayezunguka jambo. Ukitaka chumvi, sema chumvi. Ndiyo maana urafiki wangu na Anyango umenizeesha kabla ya siku zangu. Tumefanya kazi meza moja miaka kumi na tisa, kwenye banda la kupangia maua hapa Naivasha, yeye akipima shina na mimi nikifunga shada, na katika miaka hiyo yote sijamsikia akiomba kitu moja kwa moja. Akitaka kuazima sufuria, anaanza kwa kuuliza habari za goti langu.

Basi mtoto wake wa pekee, Valarie, akapata mchumba. Kijana anaitwa Jamleck, kwao Mai Mahiu, anauza vipuri vya malori, mpole mpaka unamwonea huruma. Kamati ya harusi ikakaa. Vijana wakaleta jina la watu wa kupiga video kutoka Nakuru mjini: wanaume wanne wenye miwani myeusi, kamera tatu, na ile ndege ndogo inayopaa juu ya watu ikilia kama nyuki. Tulionyeshwa kazi yao kwa simu. Bibi harusi anageuka polepole. Shela inapepea polepole. Hata mchuzi unapakuliwa polepole. Kamati nzima ikasema hao ndio wenyewe.

Anyango akainua mkono. "Mimi nimeshapata mtu. Mzee Kimaiyo, wa mtaa wa Shabab, Nakuru."

Hakuna aliyemjua. Valarie alimtafuta kwenye simu hapo hapo, akapata picha moja tu: mzee wa kofia ya sufu kando ya kamera kubwa kama debe.

"Mum, huyu atanishoot na nini? Na hiyo debe?"

"Amesema ana kamera mpya."

"Umeiona?"

"Amesema."

Valarie alitoka nje akabamiza mlango. Jamleck alimfuata, akaufungua tena na kuufunga vizuri.

Kesho yake kazini nilimbana Anyango mpaka akasema. Harusi yake mwenyewe ilifanyika Nakuru, mwaka wa tisini na tisa, alipoolewa na Owino, fundi wa mashine za kiwandani kule Kaptembwo. Aliyepiga video alikuwa huyo Kimaiyo. Owino alikufa kwa ugonjwa wa kifua Valarie akiwa hajatimiza miaka miwili. Kaseti ya harusi iliazimwa na shemeji, na kaseti ikishaazimwa na shemeji, wewe sahau. Zilibaki picha saba kwenye albamu, aliyoifungia sandukuni tangu matanga, hata Valarie hakuwahi kuonyeshwa. Halafu ziwa likapanda likaingia mtaa wetu wa Kihoto, likaingia nyumbani kwa Anyango mpaka kiunoni. Aliokoa vyeti vya mtoto na godoro. Albamu ilipokauka na kufunguliwa, Owino alikuwa doa la kahawia, picha zote saba. Aliuliza kwa kina Owino, Ugenya, wakamtumia picha moja ya kundi ambamo marehemu amefunikwa na kofia ya shangazi yake. Hata kitambulisho kilirudishwa serikalini siku ya cheti cha kifo.

"Kwa hivyo Valarie hajui sura ya babake," nikasema.

"Hajui. Anauliza anafanana na nani, namwambia. Lakini kuambiwa si kuona."

"Na huyo mzee ana nakala?"

"Sijui."

"Si ungemuuliza ulipompigia!"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Naliaka, miaka ishirini na zaidi sijamjulia hali, halafu nimpigie tu nimwambie nipe? Mkono mtupu haulambwi."

"Kwa hiyo unamkodi mtu harusi nzima ili umuulize swali moja."

"Ee."

Haki, nilitaka kumpiga na shada la maua. Akanikataza nisimwambie Valarie neno, maana kama kaseti haipo, mtoto atakuwa amefiwa mara ya pili, tena wakati wa harusi yake.

Jumamosi tukaenda Nakuru. Studio ya Kimaiyo ni chumba kimoja chenye pazia jekundu na kiti ambacho watu wa Shabab wote wamekalia siku wakipigwa picha za pasipoti. Mwenyewe ni mrefu, mkimya, mtu wa Kuresoi, na anaongea kama anayesoma kutoka ubaoni. Kamera mpya ilikuwepo. Alituonyesha, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Kanisa gani, mama?"

Anyango akataja.

"Lina madirisha upande gani? Wageni wangapi? Watu wa bwana harusi wanacheza au wanakaa?"

Aliandika kila jibu kwenye daftari. Chai ikaja. Anyango akauliza habari za Kuresoi. Viazi vimekuwaje? Baridi imezidi? Barabara ya Molo imetengenezwa? Vikombe viwili vikaisha, tukajua hali ya viazi tarafa nzima. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauliza na habari za mahindi.

"Mzee," nikasema, "huyu mama ulimpigia harusi Kaptembwo, mwaka wa tisini na tisa. Mume alikufa. Picha zote zilizama. Anataka kujua kama uko na kaseti."

Anyango alifunika uso kwa leso. Kimaiyo alifikiri.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Keki ikaletwa kwa mkokoteni."

"Ndiyo!" Anyango akasema ndani ya leso.

"Mimi situpi kaseti. Nilikuwa naweka nakala ya kila kazi. Ziko nyumbani. Mke wangu alizipandisha darini jikoni, pale pa mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu."

"Kaseti zinaliwa na wadudu?" nikauliza.

"Haijaliwa hata moja."

"Ziko ngapi?"

"Mia nne na kitu. Zina namba."

"Basi rahisi. Orodha ya namba iko wapi?"

"Hiyo ililiwa."

Akatuahidi atazishusha gunia kwa gunia, aziangalie moja baada ya nyingine kwenye deki yake mpaka aipate. Harusi ilikuwa imebaki wiki saba. Nilipiga hesabu nikaona inawezekana, kama mtu anaangalia dakika mbili mbili na kuendelea. Hapo ndipo nilipogundua Mungu alitupatia mtu wa aina gani. Wiki ya tatu nikampigia simu, akasema ameshamaliza kumi na moja.

"Kumi na moja! Mzee, si urushe mbele?"

"Siwezi kurusha harusi ya mtu mbele," akasema. "Hiyo ni kukosa adabu. Wengine hapa wameshakufa."

Akakata simu. Nilikaa na hasira siku mbili, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana hata mimi nisingependa mtu arushe harusi yangu mbele.

Kila jioni alimtumia Anyango ujumbe. "Leo ya Njoro. Si yenyewe." "Leo ya Elburgon. Bibi harusi alizirai. Si yenyewe." "Leo mbili. Moja moshi umeiharibu. Nasikitika." Huo wa mwisho Anyango alikuja nao kazini akaniwekea simu mezani. Kama ile iliyoharibika ndiyo ilikuwa ya Owino, nani angejua? Siku hiyo alipima mashina vibaya mpaka msimamizi akaja. Nikamwambia msimamizi kosa ni langu, na nikimpata yule mzee nitamvunja kofia.

Wiki ya mwisho ujumbe ukakatika kabisa.

Siku ya harusi Kimaiyo alifika saa kumi na mbili asubuhi, suti nyeusi, kofia ile ile ya sufu. Anyango alimkimbilia mlangoni.

"Mzee, vipi?"

"Kazi kwanza, mama," akasema, akaanza kupiga video ya viatu vya bibi harusi.

Nikwambie, huyo mtu alifanya kazi. Valarie alipoingia kanisani mkononi mwa mjomba wake, Kimaiyo akainua mkono akasimamisha kinanda. "Bibi harusi, rudi uingie tena. Pasta alikuwa anapangusa pua." Valarie akarudi. Akaingia. "Tena. Sasa ni mjomba." Watu wa Mai Mahiu walidhani ni desturi ya Wajaluo wakapiga makofi mara zote tatu. Kwenye chakula alipita meza kwa meza akipiga kila mgeni na sahani yake, na aliyekuwa hajajaza aliambiwa aongeze. Kila mara Anyango akimkaribia, kamera inamgeukia yeye, na mzee anasema, "Cheka, mama."

Anyango alicheka. Mimi niliyekuwa kando yake niliona leso. Alikuwa ameisokota mpaka ikawa kamba.

Baada ya chakula, kabla ya keki, Kimaiyo akatuita nyuma ya mahema, kwenye gari lake. Alifungua buti, akatoa kompyuta, akaiweka juu ya gurudumu la akiba. Kando yake ilikuwepo kaseti nyeusi, inanuka jiko.

"Niliipata jana, nikaihamishia humu," akasema. "Sikutaka kukuambia asubuhi. Ungelia, na mimi nahitaji mama wa bibi harusi akicheka."

Kabla Anyango hajajibu, Valarie akatokea, gauni limekusanywa mkononi, uso umeiva kwa hasira. Alikuwa amekuja kusema yake.

"Mum, mimi nimechoka na huyu mzee wako! Amenirudisha mlangoni mara mbili, amemwambia bosi wa Jamleck aongeze wali..."

"Valarie," nikamwambia, "nyamaza uangalie."

Kimaiyo akabonyeza. Mvua kwanza, mistari mistari, kisha ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa. Mbele ya ukuta wamesimama bibi harusi mwembamba niliyemtambua kwa meno, na kijana wa suti ya kaki. Kijana amekakamaa. Mikono imebana mapajani, kidevu juu, hapepesi hata jicho. Kumbe hajawahi kupigwa video maishani mwake, anajua studio tu, anangoja mwanga uwake aambiwe tayari. Tukangoja naye. Ilipita dakika nzima na Owino hajapumua.

"Hiyo ni picha?" Valarie akauliza, sauti imeshuka.

"Ni babako," Anyango akasema.

Valarie aliachia gauni likaanguka kwenye nyasi.

Ndani ya kompyuta, sauti ya Kimaiyo akiwa kijana ikasema, "Bwana harusi, hii ni video. Songa."

Owino hakugeuza shingo. Midomo tu ndiyo ilifunguka. "Nisonge wapi?"

"Popote."

Akafikiri. Kisha akapiga hatua tatu za askari akaenda kando, akatoka kwenye video kabisa, akamwacha Anyango na ukuta. Tukamsikia kutoka huko nje, ameshaanza kucheka: "Hapa ni sawa?" Na bibi harusi wa ukutani akainama akishika mbavu.

"Rudisha," Valarie akasema.

Kimaiyo, mtu asiyerusha harusi mbele, akairudisha nyuma. Nisonge wapi? Hapa ni sawa? Akairudisha tena. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, sauti ya kijana anayeuza karanga.

"Mum, uliniambia alikuwa na sauti nzito."

Anyango alikuwa ameshika mlango wa buti kwa mikono yote miwili. "Nilidhani," akasema. "Miaka hii yote nilidhani ni nzito. Nilikuwa nimemsahau, mtoto wangu. Naliaka, nilikuwa nimesahau, na sikujua kama nimesahau." Akalia kwa sauti, na Valarie akamshika, rangi za uso alizopakwa saluni zikamwagikia kitambaa cha mama. Mimi nililia pia, sioni aibu. Kimaiyo alivua kofia. Kamera yake ilikuwa imefungwa kwenye mkoba, zipu mpaka mwisho.

Huko mbele msema-chochote, mshereheshaji wetu, akaanza kwa maikrofoni: bibi harusi aje, keki inangoja, bwana harusi ameshika kisu peke yake. Akaita mara ya pili, ya tatu. Nikaona huyu atatuharibia. Nikatoka kwa hasira, nikapita katikati ya mahema, nikamwambia mbele ya watu wote, "Hebu ngojeni! Bibi harusi anaongea na babake."

Akatangaza hivyo hivyo, neno kwa neno. Watu wa Mai Mahiu, ambao tangu posa walikuwa wameambiwa baba mtu ni marehemu, wakaweka soda chini na kuanza kutazamana.